Paka na Jani Lililochekwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mlima?

Na kijito chake!

Pakawa kijito?

Na wa kunywa maji yake!

Basi sogeeni, aliye nyuma asije akasema hakusikia. Mwenye mdomo wa kucheka auweke pembeni. Mwenye sikio alete.

Hapo kale, kale ya kale hasa, paka hakuujua moto wa jikoni. Aliishi porini kama jamaa zake. Shangazi yake alikuwa Chui. Mjomba wake alikuwa Simba. Na yeye, mdogo wa ukoo mzima, aliishi kwenye pango la mawe juu ya kijiji cha Ilole, pamoja na wanawe watatu.

Alikuwa mdogo, lakini hakutembea kidogo. Akipita, mkia juu. Akikaa, kifua mbele. Akikutazama, hakupepesa jicho. Watu wa Ilole walimwona wakasema, "Tazama kale kamnyama, kanajiona!" Wakamtupia mawe. Paka akaruka, akaenda zake, akajilamba manyoya kana kwamba lililotupwa ni ua.

Sasa, chini ya pango lile palikuwa na chemchemi, na kando ya chemchemi uliota mmea. Shina lake lilikuwa na pembe nne. Majani yake yalikuwa laini kama sikio la mtoto wa paka, ya kijani kilichofifia kama kilichopakwa majivu. Maua yake madogo, meupe, yenye vitone vya zambarau. Na harufu yake! Mithili ya mnanaa, lakini mnanaa wenye siri.

Mmea ule kila mtu aliuita alivyotaka.

Mbuzi aliutafuna mara moja, akatema. "Pfu! Huu ni mchungu." Kwake jina likawa Mchungu.

Panya aliunusa kwa mbali, akageuka mbio. Kwake jina likawa Nikimbie.

Nyuki walitua kwenye maua wakashiba kama waliotandikiwa sinia. Kwao jina likawa Chano cha Asali.

Na watu wa Ilole? Watu wa Ilole waliutazama mara moja tu, wakasema, "Gugu." Wakaazimia kwamba mvua ikikatika wataulima wote, wapande magimbi.

Paka peke yake aliujua. Kwa paka jina lake lilikuwa Tulizo. Bibi yake alimwambia mama yake, na mama yake akamwambia yeye. Kila asubuhi alishuka chemchemini, akachuma jani kwa meno, akaimba:

*Jani langu, jani la chemchemi,*
*akujuaye hakucheki,*
*akuchekaye hakujui.*

Kisha alilitafuna. Akajisugua shavu. Akagaagaa chini, huku na huku, miguu juu, tumbo juu, akikoroma kwa raha: nguru-nguru-nguru.

Siku moja Mbuzi akapita, akamwona. "Mee! Mpwa wa Simba amelewa!"

Nyani akapita, akashika mbavu. "Hoo! Huyo mwenye kujiona, leo anajiona mawinguni!"

Nguchiro naye akapita. Nguchiro hakucheka kwa sauti. Alitabasamu, akatikisa kichwa, akasema, "Dada Paka, mbona unatuaibisha?"

Hata Shangazi Chui, aliyekuwa amelala juu ya mti, aliteremsha sauti yake nzito. "Mwanangu, ukoo wetu haugaagai hadharani."

Paka akainuka. Akajikung'uta vumbi. Akasema, "Shangazi, mimi nagaagaa kwa ninachokijua. Wao wanacheka wasichokijua. Nani mwenye aibu?"

Akaondoka, mkia juu. Lakini moyoni, jamani, kulimuuma. Nani asiyeumwa na kicheko?

Mnanisikia?

*Twakusikia!*

Haya. Katika kijiji cha Ilole palikuwa na mwanamke jina lake Mshai. Mshai alikuwa na mkono wenye shabaha kuliko wote kijijini. Jiwe likitoka kwake, paka alijua hilo si la kuchezea. Alikaa na baba mkwe wake, Mzee Mwambingu, mkuu wa kijiji, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Malemba, mchanga bado. Mshai alimngoja mtoto huyo mpaka majirani wakachoka kumuuliza atazaa lini.

Basi Malemba akaanza kulia. Tumbo lilimsokota. Alikunja miguu, akakunja ngumi, uso ukawa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Alilia jua likichomoza, alilia jua likiwa utosini, alilia jua likizama. Hakulala. Hakunyonya akashiba. Mikono iliyokuwa minene ikaanza kulegea.

Mzee Mwambingu akapiga baragumu. Watu na wanyama wakakusanyika. Akasema, "Atakayemlaza mjukuu wangu, nitampa mahali pa heshima, karibu na jiko letu. Atakula tunachokula. Hakuna mkono utakaoinuliwa juu yake."

Nyani akaja wa kwanza. "Niacheni mimi! Mtoto anataka kuchekeshwa." Akaruka, akapindua macho, akapiga tumbo lake kama ngoma, pu-pu-pu. Malemba akatazama kidogo, kisha akalia maradufu.

Mbuzi akaja wa pili. "Mtoto anataka maziwa mazito, maziwa yangu." Wakamnywesha. Malemba akayatapika yote kwenye kanga ya mama yake, akalia mpaka sauti ikakwaruza.

Nguchiro hakuja. Nguchiro alikaa nyuma ya ghala, akawaza.

Kule juu pangoni, kilio kilipanda na upepo. Paka akainua masikio. Alikijua kilio kile. Mwanawe wa mwisho aliwahi kulia hivyohivyo, na yeye akala Tulizo, akamnyonyesha, mtoto akanyooka akalala.

"Mama," wakasema wanawe, "huyo anayelia si wa yule mwanamke wa mawe?"

"Ndiye."

"Basi alie."

Paka akawatazama mmoja mmoja. "Jiwe lilirushwa na mama. Mtoto hajawahi kushika jiwe. Msimlipize asiyewakosea."

Akashuka chemchemini. Akaimba:

*Jani langu, jani la chemchemi,*
*akujuaye hakucheki,*
*akuchekaye hakujui.*

Akachuma majani, akayabeba mdomoni. Alipofika ukingoni mwa kijiji, nani akatokea njiani? Nguchiro.

"Dada Paka! Unakwenda wapi na majani mdomoni?"

Paka akayaweka chini. "Kwa Mshai. Jani hili huchemshwa kidogo, mama hunywa maji yake, mtoto huyapata kwenye maziwa ya mama. Tumbo litatulia."

"Uuu! Kwa Mshai? Dada, wewe unajitakia kifo. Kabla hujafungua mdomo utakuwa umepasuliwa kichwa. Na wanao watatu utamwachia nani? Nipe mimi. Mimi hawanipigi. Nitawaambia: haya yametoka kwa Paka."

Paka akafikiri. Akawafikiria wanawe. Akasema, "Nenda. Lakini sema jina langu."

"Nitalisema mpaka mlima uitikie," akasema Nguchiro.

Akayachukua. Akaenda. Mshai akachemsha, akanywa, akamnyonyesha Malemba. Mtoto akaguna. Akanyoosha miguu. Akalala.

Kijiji kizima kikanyamaza. Hata kuku walitembea kwa vidole.

"Ni jani gani hili?" Mzee Mwambingu akauliza kwa sauti ya chini.

Nguchiro akajisafisha koo. "Hili, Mzee, ni Mnguchiro. Ni dawa ya ukoo wetu tangu babu wa babu."

Mnaona? Jina la Paka halikutoka mdomoni mwake hata herufi. Akapewa mahali karibu na jiko. Akaletewa chakula kilichofunikwa kwa kawa. Akala, akajinyoosha, akajiita mwenye nyumba.

Paka aliketi juu ya mwamba akingoja kuitwa. Hakuitwa. Kunguru aliyetoka kijijini ndiye aliyempa habari. "Dada, jani lako limebatizwa. Sasa linaitwa Mnguchiro."

Paka hakulia. Alikwaruza mwamba kwa kucha mpaka zikaacha mistari. Kisha akasema, "Jina ameliiba. Tuone kama ameiba na ujuzi."

Na kweli, haikuchukua muda, tumbo la Malemba likasokota tena. Kilio kikaanza upya, na safari hii kilikuwa kilio chembamba, cha mtoto aliyekaribia kuishiwa nguvu.

"Nguchiro, ndugu yetu," Mshai akasema akiwa amepiga magoti, "tuletee tena lile jani lako."

Nguchiro akatoka mbio. Lakini aende wapi? Siku ile chemchemini alimtazama Paka akigaagaa tu, hakujua ametafuna mmea gani wala unaota wapi. Yeye alipokea majani njiani. Akazunguka bondeni, akaona jani la kijani lenye manyoya kidogo. "Ni hili," akajiambia. "Jani ni jani." Akalileta. Mshai akalichemsha, akanywa. Kinywa kikamwasha, kichwa kikamzunguka. Mtoto akalia zaidi.

Mzee Mwambingu akamkazia macho. "Nguchiro, harufu ya jani hili si ile. Mmea wako unaota wapi?"

"Unaota... unaota panapoota, Mzee."

"Shina lake likoje?"

"Ni shina, Mzee. Refu. Linasimama."

"Na maua yake ni ya rangi gani?"

Nguchiro akatazama juu, akatazama chini, akatazama mlango. "Maua... huwa yanabadilika na majira."

Watu wakaanza kunong'ona.

Wakati huohuo, juu kwenye mwamba, Paka akasimama. Akawaambia wanawe, "Nisiporudi, nendeni kwa Shangazi Chui. Ni mkali, lakini atawalisha."

"Mama, watakupiga!"

"Safari ya kwanza nilimpa mwingine mdomo wangu anisemee. Leo nitajisemea mwenyewe."

Akashuka chemchemini. Akaimba wimbo wake, safari hii kwa sauti kubwa, mpaka Mbuzi na Nyani wakatega masikio:

*Jani langu, jani la chemchemi,*
*akujuaye hakucheki,*
*akuchekaye hakujui!*

Akachuma tawi zima, lenye shina na maua. Akaingia kijijini mchana kweupe, katikati ya njia kuu.

Watu wakamwona. "Yule! Yule kamnyama!"

Jiwe la kwanza likapita juu ya mgongo wake. Hakukimbia.

Jiwe la pili likaanguka mbele ya miguu yake. Akalizunguka, akaendelea.

Jiwe la tatu likampata pajani. Akayumba. Akachechemea. Lakini mkia, jamani, mkia haukushuka! Akatembea hivyo, anachechemea na mkia uko juu, mpaka uani kwa Mshai. Akalilaza tawi miguuni pake.

Mshai alikuwa na jiwe mkononi. Mtoto begani, jiwe mkononi. Akamtazama Paka. Paka akamtazama yeye, bila kupepesa.

"Mama Malemba," Paka akasema, "mimi nina watoto watatu. Najua mtoto akilia hivyo mama yake anakuwaje. Nusa jani hili, kisha unipige ukitaka."

Jiwe likamponyoka Mshai. Akainama, akanusa. Machozi yakamtoka. "Baba, ni lenyewe! Ndilo lile la kwanza!"

Nguchiro akaruka kutoka jikoni. "Mwongo! Ameniibia! Huyu ni mlevi wa chemchemini, ulizeni Mbuzi, ulizeni Nyani! Jani lile ni langu!"

Mzee Mwambingu akainua fimbo, watu wakanyamaza. "Mwenye kitu hujulikana kwa kukijua. Paka, huu mmea unaota wapi?"

"Kando ya chemchemi, Mzee, pale mnapotaka kupanda magimbi. Ndio mnaouita gugu."

Watu wakatazamana.

"Shina lake?"

"Lipapase. Lina pembe nne kama mguu wa kigoda chako."

Mzee akalipapasa. Akaitikia kwa kichwa.

"Na mmea huu una kazi gani?"

Paka akajinyoosha, ingawa paja lina kidonda, akasema kwa sauti iliyofika hadi ukingo wa kijiji. "Kazi zake, Mzee, nitakutajia ninazozijua. Mama mwenye mtoto anayesokotwa na tumbo hunywa maji yake, na mtoto hutulia. Mwenye homa akiyanywa yakiwa moto hutoka jasho, mwili ukapoa. Ukiyasugua majani mlangoni, mbu hugeuka njia. Na panya wanauchukia hata kuutaja. Wao huuita Nikimbie. Mbuzi huuita Mchungu, kwa sababu hakutafuna zaidi ya mara moja. Nyuki huuita Chano cha Asali, maana walikaa nao. Sisi paka twauita Tulizo. Hakuna ukoo ulio hapa unaouita Mnguchiro."

"Na hicho kilevi je?" Nguchiro akapiga kelele. "Waambie jinsi unavyogaagaa kama punda!"

Paka akageuka polepole. "Nitawaambia kwa nini? Nitawaonyesha."

Na mbele ya kijiji kizima, mbele ya Mzee Mwambingu, mbele ya Mbuzi na Nyani waliokuja kuchungulia, Paka akalisugua shavu lake kwenye jani. Akajilaza. Akagaagaa huku na huku, miguu juu, tumbo juu, akakoroma: nguru-nguru-nguru.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Hakumaliza kicheko chake.

Kwa sababu Malemba alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameinua kichwa begani kwa mama yake, macho yamemtoka, anasikiliza ule mkoromo. Nguru-nguru-nguru. Mtoto akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi.

Mshai akakimbilia chungu. Akachemsha, akanywa, akanyonyesha. Ngumi zikafunguka, kidole kimoja kimoja. Miguu ikanyooka. Malemba akalala, maziwa yamebaki pembeni mwa mdomo.

Hapo kila mtu akamtafuta Nguchiro. Lo! Mkia wake tu ndio ulioonekana ukipotelea uchochoroni, na mdomoni alikuwa na kuku. Wakamfukuza kwa mienge na marungu mpaka ng'ambo ya kijito. Ndiyo maana mpaka leo nguchiro akisogelea boma la mtu hupokewa kwa kelele, wala hakai alipokaribishwa.

Mshai akamwosha Paka kidonda kwa mkono uleule wenye shabaha. Akasema, "Mawe yale, mengi yalikuwa yangu. Nisamehe. Niambie unataka nini, hata kama ni nyumba yangu."

Mzee Mwambingu naye akasema, "Ahadi ni ahadi. Sema, mama."

Paka akawaza. Akasema, "Nataka mambo matatu."

"La kwanza?"

"Mmea ule usilimwe. Pandeni magimbi chini yake, maji yatawafikia."

"Tumekubali. La pili?"

"Mimi na wanangu tutakaa karibu na jiko, pale palipo joto. Na panya wa ghala lenu niachieni mimi."

Watu wakacheka kwa furaha. "Tumekubali! La tatu?"

Paka akaizungushia miguu yake mkia, akaketi wima. "La tatu ni hili. Mbwa mmemfunga kamba. Ng'ombe mmemtia zizini. Mimi sifungwi kamba, wala sitiwi zizini. Nitakuja nikitaka kuja, nitatoka nikitaka kutoka. Mkiniita, nitasikia, lakini nitaitikia nikiona vyema. Sikuja kwenu kuomba. Nimekuja nikiwa na kitu mkononi."

Mbwa aliyefungwa mtini akainua kichwa kumtazama.

Mzee Mwambingu akaiweka fimbo yake chini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mnyama. "Mgeni wa namna hii," akasema, "haongozwi. Hukaribishwa." Akamsogelea, akakiondoa kigoda chake mwenyewe karibu na mafiga, ili Paka apate nafasi.

Siku ile watu wa Ilole wakaupa mmea jina, na jina hilo halikuwa gugu, wala Mnguchiro. Waliuita Mnanaa wa Paka. Na Shangazi Chui? Alishuka mtini wakati hakuna anayemtazama, akaenda chemchemini, akatazama kulia, akatazama kushoto. Sitasema alifanya nini. Nitasema tu kwamba nyasi za pale zililala chini eneo la chui mzima.

Basi, enyi mliosikiliza, mafunzo ni haya. Jina la kitu mtu aweza kuliiba, lakini ujuzi wake hauibiki. Na wewe unayekijua chako, usikiache kwa sababu ya wanaokicheka, wala usimpe mwingine akusemee. Kibebe mwenyewe, upite nacho katikati ya njia.

Ngano yangu naifunga hapa kama fundo la ukindu. Ikiwafaa, wafungulieni watoto wenu. Isipowafaa, nirudishieni ukindu wangu nisuke jamvi.